Saa Moja Haimtoshi Mama



Wasomaji wetu watukufu, kina baba, kina mama, na nyinyi vijana mnaosoma mbali na nyumbani. Mwezi huu niliahidi kuandika juu ya malezi, lakini naomba radhi, malezi yatasubiri kidogo. Kuna jambo linaloziumiza familia nyingi hapa Bujumbura, na nikizungumza na ndugu wa Kigali na Kampala nasikia kilio kile kile. Nalo ni namna tunavyowakatia tiketi wazazi na watoto wetu, hasa muda tunaouacha kati ya ndege ya kwanza na ndege ya pili. Tunaubana mno. Na anayebanika si sisi tuliokaa mbele ya kompyuta, bali ni yule msafiri.

Nianze na kosa langu mwenyewe ili isionekane nawanyooshea wengine kidole. Miaka michache iliyopita shemeji yangu alijifungua kule Uswidi, na mama mkwe akataka kwenda kumlea mzazi na mtoto. Bibi ana miaka 68, anasema Kirundi na Kiswahili, na Kifaransa chake ni cha sokoni. Ndege alikuwa anaziona juu angani tu. Kazi ya kutafuta tiketi nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye "anayejua intaneti". Nikapata tiketi mbili zinazofanana. Zote mbili zilikuwa za kubadilisha ndege mara mbili, mara moja hapa Afrika Mashariki na mara ya pili katika uwanja mkubwa wa Ulaya. Moja ilimpa saa 4 na dakika 20 pale Ulaya, nyingine ilimpa saa 1 na dakika 10. Ya pili ilikuwa na nafuu ya dola 90. Nikaichukua, tena kwa furaha, nikimwambia mke wangu kwamba mama hatateseka kukaa kwenye viti vya uwanjani.

Ndege ilichelewa dakika 25 tu, jambo la kawaida kabisa. Ikaegeshwa mbali, abiria wakachukuliwa kwa basi hadi kwenye jengo. Hapo bibi akakuta foleni ya pasipoti, kwa sababu ile ndiyo nchi ya kwanza ya Schengen aliyoikanyaga, na ukaguzi wa kuingia hufanyika pale pale hata kama unakwenda mbele. Akaulizwa maswali kwa Kiingereza. Akatoa karatasi zote alizonazo, mpaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Alipofika kwenye geti, mlango ulikuwa umefungwa. Ndege aliiona kwenye kioo, bado imesimama.

Sasa sikilizeni. Tiketi ilikuwa moja, kwa hiyo kampuni ilimpangia ndege ya kesho yake bila malipo, na wakampa karatasi ya kwenda kulala hoteli na kula. Lakini bibi hakujua ile karatasi inasema nini! Aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya pasipoti, akakaa kwenye kiti. Simu yake haikushika mtandao. Mkwe wetu wa Uswidi alikuwa amesimama uwanjani kwake tangu jioni, abiria wote wametoka, mama hayumo. Ananipigia mimi, mimi nampigia wakala, wakala amelala. Nyumba nzima hatukulala. Bibi hakula kwa kuogopa chakula kisicho halali, alikuwa na tende chache tu mkobani. Alfajiri dada mmoja wa Kisomali anayefanya usafi pale aliona mtandio wake, akamtolea salamu. Kumbe dada huyo aliwahi kuishi Nairobi, Kiswahili anakijua. Ndiye aliyetupigia simu, Allah amlipe kheri.

Nilipoongea naye, bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, wewe ungeweza kukimbia hapa?"

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia mambo haya, na nimegundua kwamba wengi tunadanganywa na wazo moja. Tunasema, kama kompyuta imekubali kuuza tiketi, basi muda unatosha. Si hivyo. Kila uwanja wa ndege umewekewa muda mfupi kabisa ambao tiketi ya kuunganisha inaweza kuuzwa. Pengine ni dakika 60, pengine 90, na viko viwanja ambavyo ni chini ya hapo. Chini ya kiwango hicho mtambo unakataa, na juu yake hata kwa dakika moja unakubali. Lakini kiwango hicho kinahesabu kwamba ndege imefika kwa wakati wake na msafiri anajua anakokwenda. Hakimhesabu bibi mwenye magoti mabovu, wala mama mwenye watoto watatu na mmoja wao anataka choo sasa hivi. Na kumbukeni kwamba ule wakati ulioandikwa kwenye tiketi ni wa ndege kuondoka. Geti hufungwa kabla, kwa kampuni nyingi dakika 15 au 20 kabla, na wengine mapema zaidi. Kwa hiyo saa yako 1 na dakika 10 ilikuwa dakika 50 tangu mwanzo.

Viwanja navyo havifanani. Dubai, kwa mfano, jengo namba 2 liko upande wa pili wa njia za kurukia ndege, mbali na namba 1 na namba 3, na anayehama kutoka huko kwenda huku hupelekwa kwa basi. Marekani hakuna kupita juu juu. Hata kama unaelekea nchi nyingine, lazima upite uhamiaji ukiwa na viza, na kwa kawaida ulichukue begi lako, upite forodha, kisha ulikabidhi tena. Na huko Ulaya, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso za wageni wa muda mfupi pale mpakani badala ya kugonga muhuri peke yake. Mtu anayefika mara ya kwanza asitegemee foleni ya dakika 10. Ndugu zetu wa Uvira na Bukavu wenye pasipoti ya Kongo wana la ziada. Nchi za Schengen zinawataka viza ya kupita uwanjani hata kama hawatoki nje, isipokuwa mtu awe na viza au kibali cha ukaazi kinachomwondolea sharti hilo. Hilo huulizwa kabla ya kununua, si kwenye kaunta.

Lakini balaa kubwa kuliko yote ni tiketi mbili tofauti, na hapa nasema na nyinyi wanafunzi. Najua mnavyofanya, kwa sababu vijana wa mtaani kwetu Buyenzi wananiletea wanionyeshe. Unanunua Bujumbura hadi Nairobi kwa kampuni moja, halafu Nairobi hadi unakosoma kwa kampuni nyingine, kwa kuwa ukijumlisha unaokoa dola 150. Kwenye karatasi yako safari ni moja. Kwa wenye ndege ni safari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina habari na wewe, inaandika kwamba hukutokea. Na mara nyingi ukishaandikwa hukutokea, hata tiketi yako ya kurudi inafutwa. Begi nalo kwa kawaida halitapitilizwa. Utatoka uhamiaji, ulisubiri kwenye mkanda, upande tena kujiandikisha upya, na kaunta nyingi hufunga saa 1 kabla ya ndege kuondoka. Nairobi angalau mwenye pasipoti ya Burundi, Rwanda, Uganda au Tanzania anaingia bila viza. Ukifanya hivyo Dubai utahitaji viza ya kuingia ili tu ukachukue begi.

Kijana mmoja wa huku alijiachia saa 2 kati ya tiketi mbili za namna hiyo. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja, na wajomba walichanga. Ndege ya kwanza ilichelewa saa moja na nusu. Tiketi mpya ilichukua pesa yote ya chumba, akafika chuoni usajili umefungwa, akaanza kuandika barua za kuomba msamaha kwa lugha ambayo hajajifunza bado. Alikubaliwa mwishoni, alhamdulillah. Lakini zile dola 150 alizookoa ziko wapi?

Wako watakaonijibu, na nimeshajibiwa na mke wangu kabla yenu. Wanasema saa tano uwanjani na watoto ni adhabu, chai kikombe kimoja bei ya chakula cha familia, na mzee anachoka kwa kukaa. Ni kweli, sibishani. Saa tano zinachosha. Lakini uchovu huo unaujua tangu nyumbani, unaubebea chakula, blanketi, na mkeka mdogo wa kuswalia. Ule mwingine unakukuta usiku, huna lugha, huna simu. Maoni yangu, na si fatwa, ni haya: kijana aliyezoea kusafiri, kwenye tiketi moja, saa 2. Mzee au familia yenye watoto, saa 3 au 4. Tiketi mbili tofauti, acheni kabisa, na mwenye kulazimika alale usiku mmoja katikati. Mzee aombewe kiti cha magurudumu mapema, saa 48 kabla ni vizuri. Kwa kawaida hakilipiwi, na anayekisukuma ndiye anayezijua njia. Tusione aibu. Bibi yetu alikikataa akisema yeye si mgonjwa, nasi tukanyamaza.

Wanaokwenda Umra nao nataka niwaguse. Tunapobadilisha ndege njiani kuelekea Jeddah, ule muda wa kusubiri si wa kukaa bure. Ndipo watu wanapooga, wanavaa ihramu, wanaswali, na wazee wanakumbushwa nia, kwa sababu miqati inapitwa tukiwa angani. Kundi la watu 40 na vyoo vichache, ndani ya saa moja? Wako waliopanda wakiwa na suruali, ihramu zao zimo kwenye begi kubwa chini ya ndege, na baadaye wakawa wanaulizana juu ya fidya. Mwenye muda mfupi avae nguo za ihramu tangu nyumbani, kisha anuie akifika usawa wa miqati. Lakini viongozi wa misafara, hebu wapeni watu nafasi. Tunazungumza sana juu ya hoteli iko mita ngapi kutoka Haram, hatuulizi ndege zimepishana saa ngapi.

Jambo jingine dogo linalokosesha watu safari ni saa yenyewe. Bujumbura na Kigali tuko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Nairobi na Addis Ababa. Simu isiposhika mtandao haijibadilishi, na msafiri anakunywa chai kwa utulivu akidhani bado ana saa nzima. Tena sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, tiketi inahesabu kwa Kizungu. Tiketi ikiandika 05:00 si saa tano, ni saa kumi na moja alfajiri. Na ikiandika tarehe 15, 00:40, unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 baada ya Isha. Ajabu ni kwamba sisi Waislamu tuliozoea usiku kutangulia mchana ndio tungetakiwa tusikosee hapo, lakini nimeshuhudia familia imekuja na mabegi usiku wa tarehe 15, ndege iliondoka jana. Mwandikieni mzee karatasi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa na Kiingereza: anatoka wapi, anakwenda wapi, namba ya ndege, namba ya simu ya kwetu na ya huko. Mjionee pia kwenye kaunta ile alama ya begi, herufi tatu zilizochapishwa ziwe za mwisho wa safari. Kama anakwenda Jeddah isomeke JED.

Kwa mila zetu, anayemkatia mwenzake tiketi amebeba amana. Mimi niliibeba kama hesabu ya dola 90.

Mwezi ujao inshaallah bibi anakwenda Umra. Safari hii nilimpelekea karatasi ya safari mwenyewe, nikamsomea kila kitu, ndege ya kwanza, kisha saa 5 na dakika 15 za kusubiri. Nilidhani atalalamika. Aliuliza kama pale pana mahali pa kuswalia, nikamwambia papo. Akauliza kama ataweza kujinyoosha kidogo. Nikamwambia ataweza. Basi ameanza kutafuta kitenge cha kutandika, anasema kile cha zamani ni kifupi.

Wabillahi tawfiq.