Stima ya sumaku ipo, lakini si ile unayouziwa mtandaoni

Hiyo video umeiona. Jamaa amevaa glavu, ana sumaku mbili na koili ya waya. Anazisogeza kidogo, balbu inawaka. Hakuna betri, hakuna soketi. Chini ameandika: achana na tokeni. Kwenye maoni watu wanashangilia, halafu kuna mmoja anauliza, "Bei gani boss?"

Huyo wa bei gani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nakaa bedsitter, tokeni ya mia inaisha kabla ya wikendi. Nikatuma 4,500 kwa simu. Kifurushi kikaja: sumaku sita, koili na karatasi ya maelekezo. Nilikesha nazo. Balbu haikuwaka hata kwa bahati mbaya. Asubuhi nikampigia muuzaji, namba ikawa mteja. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na hata mbuzi hakuwemo.

Sikuandiki haya ili unicheke, ingawa unaweza. Naandika kwa sababu sumaku na stima kweli zinaoana, na ndoa yao halisi ni tamu kuliko hiyo video. Ila kuna swali moja ambalo lingeokoa pesa zangu: nani analipa?

Sumaku iliyotulia haitoi stima. Popote balbu inapowaka kuna kitu kinacholipa: maji yanaporomoka Masinga, mvuke unatoka ardhini Olkaria, mkono unazungusha, ama betri imefichwa chini ya meza. Shika hilo swali, tutembee nalo.

Anza na ile laita ndefu ya kuwashia meko ya gesi, ile ya kubonyeza inayolia "ta!" Ndani yake hakuna betri. Kuna kipande cha kauri ambacho kikigongwa kinatoa stima, ndiyo hiyo cheche unayoona. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua tabia hiyo kwenye fuwele mwaka wa 1880. Nani analipa? Kidole chako.

Sasa toka nje usikilize transfoma ya mtaa. Ule mngurumo si mzuka. Chuma cha ndani kinarefuka na kusinyaa kidogo sana kila nguvu ya sumaku inapobadilika. Kwa kuwa stima yetu ni ya hezi 50, hilo linatokea mara 100 kwa sekunde, na sikio lako linalinasa. Mwingereza James Joule aliona chuma kikifanya hivyo mwaka wa 1842.

Unaona inakoelekea? Moja inageuza sumaku kuwa msukumo. Nyingine inageuza msukumo kuwa stima. Zigandishe pamoja, tabaka juu ya tabaka. Sumaku ikibadilika karibu nazo, tabaka la kwanza linajinyoosha, linaivuta kauri, kauri inatoa stima. Hakuna hata moja inayoweza hilo peke yake. Hiyo ndiyo kompositi ya sumaku na umeme. Kabla yake wanasayansi walitafuta kitu kimoja chenye tabia zote mbili. Walikipata, oksidi ya kromiamu, lakini stima yake ilikuwa hafifu mno. Mwaka wa 1972 J. van Suchtelen, mtafiti wa maabara za Philips kule Uholanzi, akaeleza kwamba unaweza kuunganisha vitu viwili vikazaa tabia ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Leo tabaka la sumaku linaweza kuwa Terfenol-D, aloi ya terbiamu, disprosiamu na chuma. Na mara nyingi kinachoyashika matabaka ni gundi ya epoksi tu. Gundi ikiwa mbovu, msukumo unapotelea katikati, huambulii kitu.

Kazi yake ni gani? Fikiria mgonjwa anayehitaji kifaa kidogo ndani ya mwili cha kusisimua neva. Betri ni kubwa, na ikiisha ni kupasuliwa tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas walionyesha mwaka wa 2020, kwa panya, kwamba utando mdogo wa kompositi hii unaweza kupokea nguvu kutoka kwa sumaku iliyo nje ya mwili, kwa sababu nguvu ya sumaku hupenya nyama bila kupotea sana. Nani analipa? Koili iliyo nje, iliyochomekwa kwenye stima.

Kule Kiel, Ujerumani, wanatengeneza vihisi vya aina hii wakilenga kusoma sumaku ya moyo. Ndiyo, moyo wako una sumaku yake, dhaifu kuliko ya dunia takriban mara milioni moja. Mashine nyingi zinazoisoma hupozwa kwa heliamu ya majimaji, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kihisi kinachofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba kingeshusha gharama hiyo sana.

Halafu kuna kuvuna nguvu kando ya waya wa stima ili kuendesha kihisi kidogo. Hapo ndipo matapeli wanapochomoka. Basi tupige hesabu: ukivuna miliwati moja na chaja ya simu yako ni ya wati 10, umepungukiwa mara 10,000. Na hiyo miliwati inatoka kwa anayelipia ule waya.

Kwa hivyo sisi ni wajinga? Mimi nakataa. Chuoni kwetu kulikuwa na osiloskopu moja. Ilikaa kwenye kabati lenye kufuli, tukaichora daftarini kutoka ubaoni. Nilipata alama nzuri kwa huo mchoro. Mtu aliyefundishwa stima kwa kuchora hana namna ya kushuku video, kwa sababu video ndiyo mara yake ya kwanza kuona kitu kikifanya kazi. Tapeli alinionyesha kitu, mhadhiri alinionyesha ubao. Nikamwamini tapeli.

Na vifaa vya kujaribu si vya ajabu. Kauri ya piezo imo ndani ya baza ndogo zinazouzwa Luthuli Avenue. Baadhi ya vile vibandiko vya plastiki vya kuzuia wizi dukani vina utepe mwembamba wenye tabia ile ya chuma cha transfoma. (Usiende kubandua, utashikwa. Omba vilivyotupwa.) Gandisha kwa epoksi, weka ndani ya koili inayobadilisha sumaku, soma kwa osiloskopu. Stima itakuwa kidogo sana, lakini utakuwa umeiona kwa macho yako na utajua imetoka wapi. Ninachodai kwa vyuo ni hicho tu: fungueni makabati. Kifaa kikiharibiwa na mwanafunzi, angalau kimetumika.

Nawe, kabla hujabonyeza tuma, uliza nani analipa. Akikujibu "hakuna," basi ni wewe.

Zile sumaku zangu sita bado ninazo. Zimeshikilia orodha ya madeni kwenye mlango wa chuma, na hiyo kazi, kusema kweli, zinaifanya bure.