Karatasi ya Maegesho Si Hukumu

Mwenye ardhi ana haki ya kuitunza ardhi yake. Akijenga duka na kutenga mbele yake uwanja wa kuegesha magari, ana haki ya kusema nani aegeshe hapo, kwa muda gani na kwa malipo gani. Hilo halina ubishi. Lakini haki ya kutaka malipo ni jambo moja, na mamlaka ya kuadhibu ni jambo jingine kabisa. Mamlaka ya kuadhibu ni ya dola, nayo hutumiwa kwa mujibu wa sheria na kwa kupitia mahakama. Kampuni ya maegesho si polisi, wala si hakimu. Karatasi inayobandikwa na kampuni kwenye kioo cha gari, hata ikiandikwa kwa herufi nyekundu na kugongwa muhuri, ni dai la upande mmoja dhidi ya mwingine. Si hukumu.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini ni kubwa kwa matokeo. Anayedhani kwamba karatasi hiyo ni hukumu hulipa kwa hofu, hata pale asipodaiwa kwa haki. Anayedhani kwamba si kitu huitupa jalalani, kisha siku moja hushtukia hukumu ya kweli imekwisha kutolewa bila yeye kusikilizwa. Wote wawili wamepotea njia. Njia iliyonyooka ni kulipinga dai lisilo la haki kwa hoja, kwa maandishi na kwa wakati.

Nchi ambamo jambo hili limejadiliwa kwa kina, bungeni na mahakamani, ni Uingereza. Mifano yake yafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, wako Watanzania wanaosoma na kufanya kazi huko, nao hupokea karatasi hizi sawa na wenyeji. Pili, sheria ya mikataba ya Tanzania Bara ina asili moja na ile ya Uingereza, ingawa sheria hizo mbili zinaachana mahali pamoja muhimu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Jambo la kwanza linalowachanganya madereva wa huko ni jina. Halmashauri ya mji, kwa uwezo iliopewa na Bunge, hutoa karatasi ijulikanayo kwa herufi PCN. Kampuni binafsi nayo hutoa karatasi yake, na kwa jina hilo hilo la PCN. Katika ile ya halmashauri, herufi ya kwanza ni ya neno lenye maana ya adhabu. Katika ile ya kampuni, ni ya neno lenye maana ya maegesho. Rangi hufanana, mpangilio hufanana, na lugha ya vitisho hufanana. Ni vigumu kuamini kwamba mfanano huo umetokea kwa bahati tu. Kwa hiyo swali la kwanza la dereva si kiasi gani anadaiwa, bali ni nani anayemdai, na kwa uwezo gani.

Hapo zamani kampuni hazikuhitaji kubembeleza kwa karatasi. Zilifunga gurudumu la gari kwa chuma na kusubiri mwenyewe arudi. Huko Scotland mahakama ilikwisha kukataa mwenendo huo mwaka 1992, ikasema kwamba kulizuia gari la mtu hadi atoe fedha ni kosa la jinai. England na Wales zilichelewa miaka 20. Sheria ya mwaka 2012 ya kulinda uhuru wa raia ndiyo iliyopiga marufuku kufunga magari katika ardhi ya watu binafsi, kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo.

Lakini Bunge lililowanyang'anya wenye kampuni chuma liliwapa kitu kingine mkononi. Chini ya sheria hiyo hiyo, dereva asipojulikana, kampuni inaweza kumdai mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Masharti yake ni makali. Kama hakuna karatasi iliyoachwa kwenye gari, barua ya kumdai mmiliki lazima imfikie katika siku 14. Kama karatasi iliachwa, barua hiyo sharti ifike baada ya siku 28 na kabla ya siku 56 kwisha. Kampuni isiyotimiza masharti hayo haina dai juu ya mmiliki, labda iweze kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Madai mengi yameanguka kwa tarehe peke yake, kwa sababu tu aliyepokea barua alichukua kalenda akahesabu.

Jina na anwani ya mmiliki kampuni huzipata kwa idara ya serikali inayosajili magari, kwa ada ya paundi 2.50 kwa kila gari. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 peke yake maombi ya namna hiyo yalizidi milioni 12. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba hapa hapazungumzwi madereva wachache wakaidi. Pale mamilioni ya watu wanapodaiwa kila mwaka, na wengi wao wakalipa bila kuuliza, kosa dogo la mdai hugeuka kuwa biashara kubwa.

Hata hivyo, haki haina upande, na yapasa isemwe wazi kwamba si kila tozo ni ya dhuluma. Mwezi Aprili 2013 mwenye duka la samaki na chipsi aliegesha gari lake katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, mahali ambapo saa 2 za kwanza zilikuwa bure. Alipitisha muda kwa dakika 56. Akadaiwa paundi 85, ambazo zingepungua hadi 50 kama angelipa mapema. Alikataa, na kesi hiyo, ParkingEye dhidi ya Beavis, ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 4 Novemba 2015 majaji 6 kati ya 7 waliamua kwamba alipe.

Wako waliofunga mjadala siku hiyo wakisema kwamba kampuni zimeshinda. Hawakuisoma hukumu hadi mwisho. Mahakama haikusema kwamba kila tozo ni halali. Ilisema kwamba tozo hiyo ni halali kwa sababu zake. Mabango yapatayo 20 yalikuwa yamewekwa mlangoni na kila upande wa uwanja, makubwa na yanayosomeka. Lilikuwapo lengo la haki, yaani kuhakikisha kwamba nafasi zinapatikana kwa wateja wengine. Na kiasi kilichotakiwa hakikuwa nje ya kipimo, kikilinganishwa na kile ambacho halmashauri hutoza. Basi hukumu inayotajwa kuwa ni ngao ya kampuni ndiyo iliyompa dereva mizani mkononi: je, niliarifiwa? Je, liko lengo la haki? Je, kiasi hiki kina kipimo?

Chukua swali la kuarifiwa. Mkataba ni mapatano, na mtu hapatani na jambo asilolijua. Katika kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyochapishwa mwaka 1971 na ambayo wanafunzi wa sheria huisoma hadi leo, mwanamuziki mmoja aliingiza gari lake katika jengo la maegesho mjini London, mashine ikampa tiketi. Tiketi ilielekeza kwenye masharti yaliyobandikwa ndani. Aliporudi kuchukua gari aliumia, na wenye jengo wakajitetea kwa masharti hayo. Mahakama ya Rufani ilikataa utetezi huo. Mapatano yalikwisha kufungwa pale mlangoni. Masharti aliyoonyeshwa baadaye yalikuja yamechelewa. Mwaka 2000 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Vine dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest, ilimpa haki mwanamke aliyeegesha ghafla kwa kuwa alijisikia vibaya, akalikuta gari limefungwa. Bango lilikuwapo, lakini hakuliona, kwa kuwa gari jingine lilikuwa limeliziba.

Ama swali la kipimo, mfano ulitokea mjini Derby. Dereva mmoja alilipa ada ya maegesho kila alipoegesha, ila simu ilichelewa kupata mawimbi, akapita dakika 5 zilizowekwa na kampuni kwa ajili ya kulipa. Madai yakarundikana hadi paundi 1,906. Habari zake zilipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2024, kampuni iliacha kesi. Mwezi Februari 2025 vyama vya kampuni za maegesho vilibadili kanuni zao kuhusu dakika hizo. Aliyekuwa akidaiwa alikuwa amelipa ada yote! Laiti angelinyamaza, huenda kanuni hiyo ingelikuwapo hadi leo.

Ni dhahiri kwamba mizani hii ina uzito zaidi upande wa mwenye fedha. Punguzo linalotolewa kwa anayelipa mapema ni aina ya shinikizo, maana anayepeleka rufani kwa mwamuzi wa nje aghalabu hulipoteza. Asiyelipa huongezewa gharama za wakusanya madeni. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2019 ili serikali iweke kanuni moja kwa kampuni zote. Kanuni ikatangazwa Februari 2022, ikipunguza viwango na kuzuia nyongeza hizo. Mwezi Juni mwaka huo huo ikaondolewa, baada ya kampuni kwenda mahakamani kuipinga. Kufikia mwaka 2025 serikali ilikuwa bado inakusanya maoni upya. Wakati wakubwa wakijadiliana, dereva amebaki na silaha moja tu, nayo ni barua yake.

Barua hiyo ina utaratibu wake. Kwanza hukusanywa ushahidi: picha za mabango, na kama tukio lilikuwa la usiku, picha za usiku, risiti, na bahasha yenye tarehe. Kisha dereva huiandikia kampuni katika siku 28, akitaja hoja zake moja baada ya nyingine, na kuitaka ionyeshe idhini ya maandishi iliyopewa na mwenye ardhi. Ikikataa, huwa na siku nyingine 28 za kupeleka rufani kwa mwamuzi aliye nje ya kampuni. Mwamuzi wa POPLA, mathalani, akimpa haki dereva, kampuni hufungwa na uamuzi huo. Akimnyima, dereva bado anaweza kusimama mbele ya mahakama. Na hati ya mahakama ikifika, isiwekwe kando hata siku moja. Zipo siku 14 za kuijibu, au 28 kwa aliyekiri kuipokea. Asiyejibu huhukumiwa kwa ukimya wake, na hukumu isiyolipwa katika mwezi mmoja hubaki katika daftari la madeni kwa miaka 6.

Je, haya yanamhusu nini mtu wa Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam? Yapasa kutenganisha mambo mawili. Ushuru wa maegesho ya barabarani unaokusanywa na TARURA ni ushuru wa umma, nao una msingi wake katika sheria. Maegesho ya maduka makubwa, mahoteli na majengo ya ofisi ni habari nyingine. Huko linalotawala ni mkataba. Sheria ya Mikataba ya 1961, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara, ilifuata mfano wa sheria ya India ya 1872, ambayo nayo ilitokana na kanuni za Kiingereza. Lakini kifungu cha 74 kinatoa kinga ambayo dereva wa Uingereza hana. Mkataba ukivunjwa, na kiasi cha kulipa kikiwa kimetajwa ndani yake, anayedai hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, kiasi kilichoandikwa kwenye bango ni dari. Kulipwa hadi kufikia dari hiyo si haki ya moja kwa moja; mahakama ndiyo inayopima kinachostahili.

Wenye viwanja vya maegesho nao wanao wajibu. Bango liwe mlangoni, si nyuma ya nguzo. Liwe na herufi zinazosomeka na mtu aliye ndani ya gari. Na liandikwe kwa Kiswahili. Bango lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa dereva halijamwarifu kitu, na ni vigumu kusema kwamba amepatana na asichokielewa. Anayetaka masharti yake yaheshimiwe hana budi kuyasema kwa lugha ya wale anaotaka wayaheshimu.

Walimu na watumishi wa umma wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kazi yao ya kila siku ni barua, tarehe, nakala na jalada. Wanajua kwamba lisiloandikwa ni kama halikusemwa, na kwamba barua isiyo na tarehe ni nusu ya barua. Ujuzi huo usiishie ofisini. Jirani aliyepokea karatasi ya kutisha anahitaji mtu wa kumsomea kwa utulivu, kumwonyesha nani anadai na kwa msingi gani, na kumsaidia kuandika jibu. Na pale itakapoonekana kwamba dai ni la haki, wamshauri alipe. Maana anayeziba njia ya wenzake kwa kuegesha ovyo hana hoja ya kusimamia.

Hofu isiwe sababu ya kulipa, wala ukaidi usiwe sababu ya kukataa. Mwenye dai athibitishe, na anayedaiwa ajibu. Hiyo ndiyo maana ya kuishi chini ya sheria, iwe katika shauri la shamba, au la nyumba, au la gari lililoachwa kwa dakika chache mbele ya duka.