Ulaji wa Udongo: Kliniki Ipime Damu Kabla ya Kukaripia

Katika masoko mengi ya Afrika Mashariki huuzwa vipande vya udongo uliokaushwa, ambao nchini Tanzania hujulikana kwa jina la pemba, na waja wazito ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Wengi hula kwa kificho, maana wakigunduliwa huchekwa nyumbani na hukaripiwa kliniki. Karipio hilo ni kosa la kitabibu, kwa kuwa humfunza mama kuficha dalili ambayo mganga alipaswa kuitafuta.

Elimu ya tiba huhesabu mazoea ya kula visivyo chakula, kama udongo, mkaa na chaki, miongoni mwa matatizo ya ulaji endapo yamedumu mwezi mmoja au zaidi. Hata hivyo, mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani hauyaiti maradhi pale yanapokuwa desturi ya jamii. Tahadhari hiyo ni ya haki: mwanamke alaye udongo kama alivyokula mama yake si mwendawazimu. Lakini neno "desturi" nalo laweza kuwa kisingizio cha kutompima.

Uhusiano wa udongo na damu si habari mpya. David Livingstone aliandika katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, kwamba ugonjwa wa kula udongo uliitwa safura huko Unguja, na kwamba haukuwapata watumwa peke yao bali hata matajiri wenye chakula tele. Leo neno hilo hilo ni jina la ugonjwa wa minyoo wafyonzao damu utumboni. Lugha, yaonekana, iliitangulia maabara.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya. Kati ya waja wazito 275, zaidi ya nusu walikuwa wakila udongo mara kwa mara, wengi wao ule wa kuta za nyumba, na upungufu wa madini ya chuma ulihusiana na ulaji huo. Lipi lilitangulia? Upungufu wa chuma waweza kuamsha hamu. Udongo nao waweza kukinasa chuma cha chakula kisiingie mwilini. Hamu ya kutafuna barafu hujulikana kutoweka upesi mgonjwa akipewa vidonge vya chuma. Kuhusu udongo, mjadala ungali wazi.

Mjadala huo usiwe sababu ya kungoja. Mimba moja huhitaji takribani miligramu 1,000 za chuma, na udongo hauwezi kuwa tiba ya upungufu huo. Baadhi yake, aidha, una risasi au mayai ya minyoo ya tumbo. (Minyoo ya safura yenyewe huingilia zaidi ngozi ya miguu, hivyo kumlaumu mama kwamba ameila ni kumwonea.)

Swali la udongo liulizwe kwa sauti ile ile itumikayo kuuliza habari za homa. Jibu likiwa ndiyo, kinachofuata ni tone la damu kidoleni, kipimo cha choo, na vidonge vya chuma, ambavyo visimezwe kwa chai.