Kutunza Miguu na Kucha kwa Usafi

Miguu hubeba mwili kutwa nzima, lakini wakati wa kuoga ndiyo hukumbukwa mwisho. Vumbi la kiangazi, matope ya masika na viatu vya kubana huleta magaga visiginoni, sugu chini ya vidole na uchafu ndani ya kucha. Kwa sababu hiyo kazi ya kuosha miguu, kukata kucha na kulainisha visigino ina faida nyumbani, na hata huweza kumpatia mtu riziki. Binti anayejifunza kazi hiyo mara nyingi huvutwa kwanza na rangi za kucha. Lakini yampasa aanze na usafi, kwani rangi hufutika baada ya siku chache, ilhali jeraha lililoingiwa na vijidudu huweza kudumu kwa miezi.

Mfano mmoja unajulikana sana. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, jimbo la California nchini Marekani, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipatwa na majipu miguuni. Wataalamu walipochunguza waligundua vijidudu ndani ya mabeseni ya umeme ya kulowekea miguu. Nyuma ya vichujio vya mabeseni hayo yalikuwa yamerundikana mabaki ya nywele na ngozi. Wanawake walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda saluni walikuwa katika hatari kubwa zaidi, maana mikwaruzo midogo ilifungulia vijidudu mlango. Saluni ile haikukosa maji wala vifaa. Ilichokosa ni usafishaji wa kina.

Hatari ya pili ni damu. Katika miji mingi vijana huzunguka sokoni na vikapu vya rangi, wakihudumia mteja baada ya mteja kwa wembe au mkasi uleule. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Kufuta mkasi kwa kitambaa, basi, si kuusafisha. Aidha, anayefanya kazi hii kila siku yafaa apate chanjo ya ugonjwa huo.

Kabla ya kugusa mkasi, mwanafunzi hukagua miguu yote miwili mahali penye mwanga. Akiona kidonda, jipu, malengelenge, funza, ngozi iliyochubuka kati ya vidole, au ukucha ulioingia nyamani, asiendelee. Amshauri mwenye miguu aende zahanati. Kisha aulize juu ya kisukari na ganzi. Wengine huona haya kumwuliza mtu mzima habari za maradhi yake, lakini kwa maneno ya adabu hakuna ubaya: “Shikamoo shangazi. Samahani, unao ugonjwa wa sukari? Miguu hufa ganzi?” Swali hilo huweza kuokoa mguu. Kisukari hudhoofisha mishipa ya fahamu na mzunguko wa damu, hata mgonjwa akakatwa asisikie maumivu. Kidonda kisichouma huachwa bila matibabu, kikaoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Mgonjwa wa namna hiyo asilowekwe miguu wala asikwanguliwe sugu. Miguu yake huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaushwa vizuri na kupakwa mafuta, na kucha zake huachiwa mhudumu wa afya.

Vifaa vya chuma, kama mkasi na kikata kucha, huoshwa kwa sabuni na brashi mpaka visibaki na uchafu. Kisha huchemshwa ndani ya sufuria yenye kifuniko, vikiwa vimezama kabisa, kwa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Saluni yenye wateja wengi yafaa iwe na mtambo wa mvuke kama ule wa hospitali. Beseni huoshwa kwa sabuni baada ya kila mtu, kisha hutiwa maji ya klorini kwa dakika 10 na kusuuzwa. Ikiwa dawa ya klorini ina nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 ya dawa huchanganywa na sehemu 6 za maji. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia. Jiwe la kusugulia na tupa ya karatasi ya msasa vina matundu yanayoficha uchafu. Kwa hiyo kila mtu awe na vyake.

Vifaa vikiwa tayari, mwanafunzi hunawa mikono kwa sabuni. Maji ya uvuguvugu hupimwa kwa kiwiko, na miguu hulowekwa kwa dakika 5 hadi 10. Kisha hukaushwa kwa taulo safi, hasa kati ya vidole, kwa kuwa unyevu huleta fangasi. Kucha za miguuni hukatwa kwa kunyooka, kidogo kidogo, bila kuchimba pembeni; ukucha uliochimbwa pembeni huota ukiingia nyamani. Ncha zake hulainishwa kwa tupa. Utando ulio kwenye shina la ukucha haukatwi, kwani ndio kinga izuiayo vijidudu. Husukumwa taratibu kwa kijiti kilichofungwa pamba, na kijiti hicho hutupwa baada ya kazi.

Visigino husuguliwa kwa jiwe bila haraka. Magaga ya miaka hayaondoki kwa siku moja, na anayetaka yaondoke siku hiyo hiyo ndiye huchukua wembe akajeruhi. Wembe hauna kazi kisiginoni. Mafuta ya nazi au mafuta mengine ya mgando hupakwa nyayo na visigino, si kati ya vidole. Damu ikitoka kwa bahati mbaya, kazi husimama. Jeraha hubanwa kwa kitambaa safi, huoshwa kwa maji na sabuni na kufunikwa, na kifaa kilichotumika huwekwa kando mpaka kichemshwe tena.

Rangi huja mwisho, kwa anayeipenda. Miguu iliyo safi, mikavu na isiyo na jeraha hupendeza hata bila rangi. Na binti ambaye wazee wa nyumbani humpa miguu yao bila hofu amekwisha kuijua kazi.