Tetekuwanga Ipewe Mlinzi

Aghalabu tetekuwanga huja ikenda zake pasipo kumdhuru mtoto mwenye siha, na kwa ajili hiyo watu wa Eastlands jijini Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, wamezoea kuyatibu maradhi haya nyumbani kwa kalamaini, maji ya mwarobaini na subira. Nami siwalaumu hata kidogo, ila naona tumewaachia ulinzi wa mgonjwa pasipo kuwafundisha ni kitu gani cha kulinda.

Mama arudiye jioni kutoka kazini Industrial Area, akamvua mwanawe shati chini ya taa ya chumba kimoja, hatauona kwa wepesi ule wekundu unaotajwa na matabibu, madhali ngozi nyeusi huuficha. Lakini akiweka mgongo wa kiganja kando ya kigaga akahisi joto, akaona uvimbe unaotanuka na mtoto akajikunyata kwa maumivu, na ajue kwa yakini kwamba vijidudu vimeingia palipokunwa. Homa ipitayo siku nne, au iliyokwisha kupoa kisha ikarejea, haina budi kumtia wasiwasi kadhalika. Ama kupumua kwa shida, shingo kukakamaa, kuyumba katika kutembea, kutapika mfululizo au usingizi usioamshika, hayo hayangoji asubuhi. Homa yenyewe itulizwe kwa parasetamoli, wala mtoto asipewe aspirini, ambayo katika maradhi haya yaweza kumharibu ini na ubongo.

Hatari huzidi kwa mtu mzima, seuze mja mzito, mwenye kinga iliyodhoofishwa na Ukimwi au dawa za saratani, na mtoto mchanga ambaye mamake alitokwa na upele baina ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baadaye. Hao wampate tabibu mara moja, kwani dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu upele kuchomoza. Na katika ploti zetu, ambamo milango yatazamana na bomba la maji ni moja, mgonjwa huwa amekwisha kuwaambukiza jirani siku moja au mbili kabla ya lengelenge la kwanza. Chanjo ya tetekuwanga iliyobuniwa na Michiaki Takahashi huko Japani katika miaka ya 1970 haimo katika ratiba yetu ya chanjo za bure, na wengi hawamudu kuinunua.

Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ikawapa mikoba yenye vipimajoto. Hao ndio nitakao wakabidhiwe kazi hii: wapite chumbani kwa mgonjwa, wapime homa, wasikilize pumzi, waulize kama yuko jirani mja mzito, na wautazame upele kwa makini, maana tangu Julai 2024 homa ya nyani, ambayo upele wake waweza kufanana na huu, nayo imo nchini. Iwapo ishara mbaya imeonekana, watangulize habari kwa simu hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ili mgonjwa apokewe kando, asije akaketishwa katika benchi moja na wajawazito.