Tofali la Jiko Si Tofali la Ukuta

Wakulima wenzangu, katika mashamba yaliyogawanywa kwa mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, ziko nyumba za masetla ambamo jiko la chuma la kuni lingali linapika hata leo. Huku Kinangop na Ol Kalou, penye baridi, jiko la namna hiyo ni mali. Lakini matofali yaliyo ndani yake huchakaa, na hapo ndipo watu wengi huiharibu mali hiyo kwa kutaka kuokoa shilingi chache.

Huokota tofali jekundu lililobaki baada ya kujenga, wakalichonga na kulibandika kwa simiti. Kwa majuma machache jiko huonekana zima. Lakini tofali la ukuta lilifanywa libebe nyumba, si kupata moto mkali asubuhi, kupoa, na kupata moto tena jioni. Hupasuka na kumeguka. Nayo simiti hushikamana kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Moto ukiyafukuza maji hayo, hulegea ikawa vumbi. Ndipo moto unapokilamba chuma chenyewe mpaka kikapinda au kupasuka, na fundi wa kuchomelea hakiungi kwa urahisi. Tofali utalipata dukani, bali ubavu wa jiko la zamani sijui utaupata wapi. Jiwe la mtoni ni baya zaidi, maana maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, nalo laweza kupasuka kwa kishindo mbele ya mtoto anayetia kuni.

Basi nunua tofali la moto, lile la udongo wa pekee uliochomwa kwa joto kali. Mara nyingi ni la manjano hafifu, lakini usitegemee rangi. Lipime mkononi. Lile zito la inchi 9 kwa 4½ kwa 2½ huwa karibu kilo 3½. Liko jingine jepesi, lenye vitundu vingi, la vipimo hivyo hivyo, lisilofika hata nusu ya uzito huo. Mwenye duka atakuambia kwamba hilo jepesi huzuia joto zaidi, na asema kweli. Hata hivyo nakushauri uchukue zito. Jepesi hukwaruzika kwa ukucha, na magogo ya mkaratusi yakisukumwa humo kila siku, litakwisha upesi. Likae nyuma ya lile zito, kama nafasi ipo. Lakini kama jiko lako ni la kisasa, lililotoka kiwandani na mabamba mepesi, rudishia ya namna ile ile.

Angalia unene pia. Majiko mengi hutumia tofali la nusu unene, yaani inchi 1¼. Likiwa jembamba kuliko la kwanza, chuma huungua; likiwa nene, nafasi ya kuni hupungua na huenda njia ya moshi kwenda dohani ikazibika. Chukua tofali la zamani, hata kama ni vipande, uende navyo dukani.

Tena usikubali kuuziwa seti nzima bila sababu. Tofali lenye ufa mwembamba, ambalo lingali limekaa mahali pake, linafanya kazi yake. Badilisha lile linalomeguka, au ambalo nyuma yake chuma kimeanza kuonekana. Mama anayepika hapo kila siku ajua lipi ni lipi kuliko fundi, muulize kwanza.

Katika majiko mengi matofali hukaa bila kuungwa. Panapohitaji kuungwa, tumia udongo wa moto unaouzwa pamoja na matofali, upake kidogo tu, na uache upenyo mwembamba pembeni, kwa kuwa tofali likipata moto hutanuka. Halafu washa moto mdogo wa vijiti kwa siku mbili tatu, unyevu utoke polepole. Sufuria ya githeri na ingoje mpaka siku ya nne.