Jemadari wa Vibwengo

Mpwa wangu amerudi likizo Kasulu na karata 100 alizochapisha steshenari. Hazina kopa wala shupaza. Ni Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, ukatoka Marekani mwaka 1993. Yeye anacheza mtindo wa Commander: hakuna karata inayojirudia isipokuwa ardhi za kawaida, na jemadari mmoja hukaa pembeni akingoja kuitwa. Jemadari wake ni Krenko, kibwengo mkorofi. Akishatulia mezani, kila zamu hulazwa ubavu na kuzaa vibwengo wapya sawasawa na waliopo. Yeye peke yake, kisha wawili, wanne, wanane. Mara ya sita wanatimia 64, Krenko akiwemo.

Wanaozaliwa hawana karata zao. “Mjomba, kila harage ni kibwengo,” aliniambia, huku mama yake akiuliza nani kafungua gunia.

*

Kete za bao nazo ni 64, ila bao halizai. Kila mchezaji ana 32: sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 mkononi. Ukitajirika, umemla mwenzio. Krenko anatajirika bila kumgusa mtu, ndiyo maana wapinzani humwacha mpaka wamechelewa.

*

Kibondo, nyumbani kwa mizinga ya nyuki. Seti ya kwanza ya Magic nayo ilikuwa na karata The Hive, yaani mzinga: ukilipa mana tano, nguvu zinazotoka kwenye ardhi, unapata nyigu mmoja arukaye. Bei ya kulangua! Nilimsimulia mfugaji mmoja wa nyuki. Akataka kujua mtu mwenye akili anafuga nyigu kwa ajili gani.

*

Sasa safu yenyewe ya karata za kijana. Kaweka ardhi 28, nafasi iliyobaki kairundika vibwengo. Haifai. Jemadari anayejizalishia jeshi hahitaji kuongezewa askari. Anahitaji kushuka mapema, na wengi huanzia ardhi 36 hivi. Pia wingi peke yake hauui. Karata ya Impact Tremors humpunguzia kila mpinzani uhai mmoja kila kiumbe anapoingia upande wako. Wapinzani wana 40 kila mmoja, kwa hiyo Krenko akiwa na 32 halafu akazaa tena, kazi karibu imeisha.

Halafu kuna karata ya Wrath of God. Mana nne tu, viumbe wote wa mezani wanakufa. Krenko anaweza kurudi pembeni na kuitwa tena kwa nyongeza ya mana mbili. Watoto wake ndio basi. Wacheza bao hawahitaji kufundishwa hili, nyumba iliyonona ndiyo inayowindwa. Nimemshauri asimwage kila kitu mezani, abakize karata mkononi za kuanzia upya. Amepunguza vibwengo wanane akaongeza ardhi. Karata nane nyingine tunabishania.

*

Commander hunoga wakiwa wanne. Wamepatikana watatu, na wa tatu yuko Kibondo, anauliza nani atamlipia nauli.